Maji kifuani na tumboni, si lazima iwe TB

Tuseme wewe ni mama wa miaka hamsini na ushei, mkazi wa mtaa wa Huruma mjini Eldoret. Hedhi ilikoma zamani, lakini tumbo linafura hadi majirani wananong'ona kuwa una mimba. Ukitembea kidogo unahema. Eksirei inaonyesha maji kando ya pafu la kulia. Wengi watasema ni kifua kikuu. Wengine, wakisikia tumbo nalo lina maji, watasema ni saratani iliyokwisha kuenea, basi ungojee siku zako.

Usikubali hukumu hiyo kabla nyonga yako haijapimwa.

Uko uvimbe uitwao faibroma, unaoota kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi. Si saratani. Lakini mara chache huleta maji tumboni na kifuani, ukafanana kabisa na saratani. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Meigs, kwa jina la daktari Mmarekani Joe Vincent Meigs, aliyeueleza pamoja na mwenzake mwaka 1937.

Hata kile kipimo cha damu cha CA-125, ambacho hupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani ya ovari, huweza kupanda hapa pia. Karatasi moja ya maabara haitoshi. Makohozi yapimwe, maana kwetu TB ni nyingi. Maji yavutwe yachunguzwe. Na upigwe picha ya ultrasaundi ya nyonga, ambayo ndiyo husahauliwa. Ukiambiwa ni faibroidi tu, uliza tena. Faibroidi huota kwenye mji wa mimba, na hedhi ikishakoma kwa kawaida hunywea.

Dawa ni kisu. Ovari yenye uvimbe hutolewa nzima bila kutobolewa, kwani mpaka maabara ithibitishe hakuna ajuaye kwa hakika kuwa si saratani. Msichana anayetaka watoto huachiwa ovari ya pili na mji wa mimba. Huhitaji kukimbilia Nairobi: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko papo hapo Eldoret, na Chuo Kikuu cha Moi hufunza madaktari wa saratani za akina mama.

Uvimbe ukishatoka, maji hukauka yenyewe, kifuani na tumboni. Kabla hujaondoka wodini, omba nakala ya majibu ya maabara uiweke pamoja na kitambulisho chako.