Wimbo wa asili ni wa nani? Tujifunze kwa santuri ya kwanza ya Bob Dylan

Tarehe 19 Machi 1962, kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya kwanza ya Bob Dylan. Alipoirekodi jijini New York, Novemba 1961, alikuwa kijana wa miaka 20. Aliimba peke yake, akipiga gitaa na kinanda cha mdomo, na kazi yote ilichukua siku mbili tu.

Leo Dylan anasifika kwa utunzi, hata akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016. Lakini kati ya nyimbo 13 za santuri ile, alizotunga mwenyewe zilikuwa 2 tu. Nyingi zilikuwa nyimbo za jadi na bluzi za Wamarekani weusi waliomtangulia, kama Bukka White na Blind Lemon Jefferson.

Kwa waimbaji wa aina hiyo, hilo halikuwa aibu. Wimbo ulipita mdomo kwa mdomo, kila mmoja akitia vionjo vyake, kama zinavyopita kwetu nyimbo za harusi na za mavuno. Shida huanza wimbo unapoingia studio, maana hapo jina huandikwa na pesa hulifuata jina.

Tuchukue wimbo mmoja wa santuri hiyo, "House of the Rising Sun". Mwaka 1937, mtafiti Alan Lomax aliurekodi Kentucky ukiimbwa na Georgia Turner, binti wa miaka 16. Hakuutunga yeye, aliurithi. Miaka mingi baadaye, mwanamuziki Dave Van Ronk wa New York akabuni namna yake ya kuupiga. Dylan akairekodi namna hiyo, kisha ndipo akaenda kumwomba ruhusa. Van Ronk naye alikuwa akipanga kuurekodi. Alisimulia baadaye kwamba ilibidi aache kuuimba, kwa sababu watu walimwambia anamwiga Dylan!

Mwaka 1964, bendi ya The Animals ya Uingereza ikaufikisha wimbo huo nambari moja nchini mwao na Marekani. Kwenye santuri yao, aliyeandikwa kama mpangaji wa muziki alikuwa mpiga kinanda Alan Price peke yake, ingawa bendi ilikuwa na watu watano.

Kwa nini jina hilo ni muhimu? Wimbo wa kale usio na mtunzi anayejulikana kwa kawaida hauna mtu wa kulipwa kwa utunzi. Lakini mpangilio mpya wa muziki unaweza kusajiliwa, na aliyeandikwa ndiye hupata mirabaha.

Kwa hiyo, siku ukimrekodi bibi yako kwa simu akiimba wimbo wa zamani, anza kwa kutaja jina lake, kijiji chake, tarehe, na aliyemfundisha. Maneno hayo machache yatabaki ndani ya rekodi, hata wimbo ukifika mbali.