Ulinzi wa taasisi dhidi ya mashambulizi ya mtandao

Ulinzi wa taasisi dhidi ya mashambulizi ya mtandao ni jumla ya taratibu, sheria na vifaa ambavyo ofisi, shule, hospitali, benki, kampuni au chama cha ushirika hutumia ili watu wasio na ruhusa wasiingie katika kompyuta, simu na akaunti zake, wasiibe fedha au taarifa, na wasisimamishe huduma zake.

Mashambulizi mengi hayahitaji ufundi wa hali ya juu. Huanzia kwa mtumishi aliyeamini ujumbe wa uongo, kwa nywila inayotumiwa na watu wengi, au kwa programu ya zamani isiyosasishwa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ulinzi ni utaratibu wa kazi, na hata taasisi yenye kompyuta moja inaweza kuufuata.

Hatari kwa taasisi ndogo

Wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kakao huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, maarufu kama AMCOS, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hukabidhi kakao yake na kulipwa baada ya mauzo. Kwa hiyo orodha ya wanachama, kilo walizoleta na namba za akaunti zao ina thamani sawa na mzigo wenyewe. Mtu akifanikiwa kubadilisha namba moja ya akaunti, kakao itabaki salama ghalani lakini malipo yatakwenda kwa mwingine.

Ndivyo ilivyo pia kwa SACCOS, shule au zahanati ya Mbugani au kata nyingine yoyote ya wilaya hiyo: kila moja ina fedha au taarifa za watu, na mshambuliaji anaweza kuzifikia bila kufika Kyela.

Aina za kawaida za mashambulizi

Ujumbe wa ulaghai. Mshambuliaji hujifanya benki, kampuni ya simu, mkubwa wa kazi au mfanyabiashara anayefahamika. Watanzania wengi wanajua ujumbe mfupi unaosema fedha zitumwe "kwenye namba hii" badala ya ile ya awali. Katika ofisi, ulaghai huohuo huja kama barua pepe inayodai kwamba muuzaji wa pembejeo amebadilisha akaunti ya benki, au kama kiungo cha ukurasa wa bandia unaomtaka mtumishi aandike nywila yake.

Programu za kudai fidia. Hizi hufunga mafaili yote ya taasisi kwa fumbo, kisha washambuliaji hudai malipo ili wayafungue. Mwezi Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali nyingi za Uingereza. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba ufa huo tangu Machi 2017, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa. Nchini Kenya, maduka ya Naivas yalitangaza mwaka 2023 kwamba yameshambuliwa na programu ya aina hiyo.

Kuziba huduma. Kompyuta nyingi hutuma maombi kwa wakati mmoja hadi tovuti ishindwe kuwahudumia watumiaji halali. Mwezi Julai 2023 jukwaa la serikali ya Kenya la eCitizen, lenye huduma zaidi ya 5,000, lilishambuliwa hivyo. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilisema hakuna taarifa zilizopotea, lakini wananchi walikwama kupata huduma.

Kupitia mshirika. Mwezi Oktoba 2020 nchini Uganda, wadukuzi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na huduma za fedha kwa simu. Uhamishaji wa fedha kati ya benki na simu ulisitishwa kwa muda. Tukio hilo lilionyesha kwamba taasisi inaweza kuathirika hata kama mlango wake wenyewe umefungwa.

Matumizi mabaya ya ndani. Mtumishi aliyeacha kazi huenda bado anaijua nywila ya ofisi. Pia watu wanapotumia akaunti moja, haiwezekani kujua nani alibadilisha nini.

Njia za kujikinga

* Kuhakiki malipo: namba mpya ya akaunti au ya simu isikubaliwe kwa ujumbe pekee. Mhusika apigiwe kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu tangu awali, si ile iliyoletwa na ujumbe huo.
* Watu wawili: anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha.
* Akaunti binafsi: kila mtumishi awe na nywila yake ndefu, na akaunti yake ifungwe siku anapoondoka.
* Uthibitishaji wa hatua mbili: mbali na nywila, mfumo udai namba maalumu au idhini kwenye simu. Namba hiyo haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa wa benki.
* Masasisho: kompyuta na simu zisasishwe mara yanapotolewa.
* Nakala za akiba: inashauriwa kuwa na nakala tatu katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mbali na ofisi. Diski iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta inaweza kufungwa pamoja na mafaili mengine. Katika Kyela, ambako mafuriko hutokea, nakala iliyo mbali hukinga pia dhidi ya maji. Nakala zijaribiwe mara kwa mara ili kuhakikisha zinafunguka.
* Mafunzo: watumishi wajue kwamba ujumbe unaoharakisha au kutisha unapaswa kutiliwa shaka. Mtumishi aliyekosea asiogope kusema, kwa kuwa taarifa ya mapema hupunguza hasara.

Hatua baada ya shambulio

Kompyuta iliyoathirika hutenganishwa na mtandao bila kufuta chochote, ili ushahidi usipotee. Nywila hubadilishwa kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Benki au kampuni ya simu hujulishwa mara moja ili kujaribu kuzuia fedha, kisha polisi. Kulipa fidia hakuhakikishi kwamba mafaili yatarudi.

Sheria na vyombo vya Tanzania

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kuharibu data na udanganyifu wa kompyuta kuwa makosa ya jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda. Utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kitengo cha TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), huratibu mwitikio wa matukio ya usalama wa mtandao nchini. Ujumbe wa kitapeli wa simu huripotiwa kwa kuutuma kwenda namba 15040.