Uzi: "Hiyo dawa ya magugu imepigwa marufuku Ulaya!" Tuelewane kabla ya kupiga makofi

1/ Siasa ikipamba moto huku kwetu Sigor, Bomet, hoja ya dawa za magugu hurudi. Mmoja anasema tunauziwa sumu iliyokataliwa Ulaya. Mwingine anajibu bila dawa hakuna mahindi. Wote wanapigiwa makofi. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimelelewa na shamba la mahindi, so wacha nijaribu kupanga haya mambo.

2/ Kwanza, mbona watu hununua dawa? Mahindi machanga hayawezi kushindana na magugu. Ukichelewa zile wiki za kwanza, mavuno yanashuka, na hata ukipalilia baadaye hayarudi. Kwetu ekari moja ni watu sita na majembe, siku mbili. Vijana wengi wameenda kuchuma chai upande wa Kericho. Palizi inabaki kwa kina mama na watoto wakitoka shule.

3/ Pili, dawa si moja.
Glyphosate huua karibu kila mmea, hata mahindi yetu ya kawaida, ndiyo maana hupigwa kabla hayajaota.
Atrazine huacha mahindi na kuua magugu mengi, hasa ya majani mapana.
Paraquat huchoma majani inayogusa. Mtu akimeza hata kidogo anaweza kufa, na hospitali hawana dawa ya kuizima.

4/ Sasa hiyo "marufuku Ulaya".
Paraquat: kweli, tangu 2007.
Atrazine: kweli, ilinyimwa kibali 2004 kwa sababu ya kuingia kwenye maji ya chini ya ardhi. Marekani bado wanaitumia.
Glyphosate: si kweli. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiongezea kibali cha miaka 10.
Kwa hivyo ukisikia "dawa ya magugu" tu, uliza: gani?

5/ Na saratani? Mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliweka glyphosate kati ya vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei. Sehemu ya tofauti ni swali lenyewe. IARC huuliza: kitu hiki kinaweza kudhuru? Mamlaka huuliza: kikitumiwa kama lebo inavyosema, kiasi kinachokufikia kitakudhuru?

6/ "Kama lebo inavyosema." Hapo ndipo panaponiuma. Msimu uliopita mdogo wangu, kidato cha pili, alitumwa dawa. Dukani wakampimia kwa chupa ya soda. Lebo hakuna. Akapiga bila glavu, na pampu inayovuja, shati likalowa mgongo mzima. Dawa iliyobaki ikakaa jikoni siku mbili kando ya maziwa, mpaka mama akaifungua na kusikia harufu. Ile hoja ya "ni salama ukifuata lebo" haikumhusu huyu kijana hata kidogo.

7/ Nani awajibike? Sheria ya dawa hizi, Sura ya 346, inataka zisajiliwe na bodi ya PCPB na ziuzwe zikiwa na lebo. Hiyo ni serikali ya kitaifa. Lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kilimo, na maafisa wa kilimo wa nyanjani wako chini yake. Kifungu cha 46 kinakupa haki ya kujua unachohitaji kujua kuhusu bidhaa unayonunua.

8/ Kwa hivyo swali liende kwa mwenyewe.
Mbunge: dawa gani itoke, na mkulima atumie nini badala yake?
Gavana na MCA: wadi yetu ina maafisa wa kilimo wangapi, na mara ya mwisho walifunza watu kupiga dawa lini?

9/ Msimamo wangu: paraquat siitaki karibu na boma lolote. Lakini marufuku bila mpango wa palizi ni kumrudishia mama jembe na kumwambia pole.
Kwa sasa: usinunue dawa isiyo na lebo. Vaa glavu, gambuti na mikono mirefu. Usipige kukiwa na upepo. Na mtoto asishike pampu.

10/ Sisi ile chupa tuliondoa jikoni. Yako iko wapi? Kaangalie kwanza, halafu urudi tubishane.