Simu imelileta soko nyumbani, tuuchunge mlango

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tuitazame neema iliyomo karibu katika kila mfuko wa kanzu na kila mkoba: simu ya mkononi. Mawasiliano yasiyo na waya yameondoa umbali baina ya watu. Lakini umbali nao ulikuwa na kazi yake. Ulimchelewesha mfanyabiashara, na papo hapo ulimlinda mwenye nyumba.

Tuanze na kheri, kwani kuificha neema ni kukosa shukrani. Mnamo Januari 1997, katika ufukwe wa Badagara, jimbo la Kerala huko India, wavuvi 11 walikosa mnunuzi, wakawamwaga samaki wao. Asubuhi hiyo hiyo, umbali usiozidi kilomita 15, walikuwapo wanunuzi 27 waliokosa samaki. Riziki ilikuwapo na mhitaji alikuwapo, kilichokosekana ni habari. Mwaka huo minara ya simu ikaanza kujengwa katika pwani ile, mawimbi yake yakafika baharini hadi kilomita 20 na zaidi, na mvuvi akawa anauliza bei kabla hajaamua ashushe wapi. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti alioutoa mwaka 2007, alikuta kuwa faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na umwagaji wa samaki ukakoma karibu wote.

Kwetu Afrika Mashariki neema hii imefika mbali zaidi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo, mtoto aliyefanya kazi mjini akitaka kumpelekea mama yake matumizi, aliwakabidhi fedha dereva wa basi au msafiri, kisha akabaki akiomba dua zifike. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kuwa huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 za Kenya, sawa na asilimia 2 ya kaya zote, katika ufukara uliokithiri, na kwamba walionufaika zaidi ni familia zinazoongozwa na wanawake.

Hiyo ndiyo kheri. Ama upande wa pili, tukumbuke adabu ambayo wazee wetu hawakuifanyia mzaha: kubisha hodi. Mgeni hubisha mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka. Na katika Surat An-Nur, aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa ndani wanatakiwa waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Ni nyakati za faragha ya nyumba. Tujiulize leo ni nani anayeingia nyakati hizo bila hodi. Ni simu, na kila aliye nyuma yake.

Wa kwanza ni mwajiri. Zamani mlango wa ofisi ukifungwa, kazi ilibaki ndani. Sasa agizo humfuata mfanyakazi hadi kwenye mkeka wa chakula cha usiku, na asipojibu huonekana mvivu. Ufaransa imelitungia jambo hili sheria: tangu Januari 2017, kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Lakini haki haina upande mmoja. Mfanyakazi anayetumia saa za mwajiri kuperuzi picha na vichekesho naye anakula muda uliokwisha kulipiwa.

Wa pili ni mkopeshaji. Kukopa kulikuwa na haya yake: mtu alivaa, akatoka, akamkabili mwenzake na kueleza shida. Njia nzima alikuwa akijiuliza kama deni lile ni la lazima. Leo mkopo hupatikana kitandani usiku wa manane, wala mke au mume asijue. M-Shwari, iliyoanza Kenya mwezi Novemba 2012, iliweka ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada inayofikia asilimia 90 ya kiasi kile kile. Nyongeza inayokua kadiri mkopo unavyokua ndiyo wanazuoni wanayoionya kuwa ni riba, na kuiita ada hakubadilishi hukumu yake.

Wa tatu ni tapeli. Nani hajapokea ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”? Mwandikaji hamjui anayemwandikia. Huwatumia watu wengi, akitumai kumpata mmoja aliyekuwa kweli anataka kutuma fedha muda ule. Silaha yake ni haraka yetu.

Basi tufanye nini? Hatuna haja ya kuivunja simu, bali tuirudishie hodi. Kila nyumba iwe na saa ambayo simu zote, ya baba ikiwa ya kwanza, zinawekwa mahali pamoja, na saa iliyo bora ni baada ya isha. Pasikopwe kwa simu kabla ya mume na mke kushauriana na usiku mmoja kupita. Pasitumwe fedha kwa ujumbe wa namba mpya kabla ya kumpigia mhusika kwa namba tuliyoizoea na kuisikia sauti yake. Na mwenye kuajiri asubiri asubuhi, isipokuwa kwa dharura ya kweli.

Soko limeingia nyumbani na halitatoka. Lakini nyumba bado ina mwenyewe, na mwenye nyumba ndiye mwenye haki ya kusema “karibu” au kunyamaza.

Wabillahi tawfiq.