Mali Bila Daftari: Sheria na Vigango vya Mababu

Wengi wetu tukisikia neno "turathi" tunadhani ni mambo ya jumba la makumbusho kule Nairobi. Sivyo. Turathi ni mali, na mali ina mwenyewe. Hebu tutazame mfano wa vigango.

Kigango ni nini?

Ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo Wagiriama na Wamijikenda wengine humsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Haiuzwi. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa na kuuziwa wafanyabiashara wa vinyago. Mwizi alipata hela kidogo tu. Huko Marekani kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya dola.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kupeleka nje ya nchi kitu cha kale, au kitu kilichotangazwa kuwa cha kulindwa, bila kibali. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Na sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi inazipa jamii haki juu ya sanaa zao, michongo ikiwemo.

Basi, mbona vitu vinapotea?

Kwanza, "kitu cha kale" kisheria ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895. Kigango cha babu yako huenda hakijafika umri huo, kwa hiyo hakilindwi kwa jina hilo mpaka waziri akitangaze. Pili, ni nani atathibitisha kwamba ni chako?

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 mtafiti huyo alikiona kimoja kwenye picha za makumbusho moja huko Illinois. Cha pili kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton. Ile picha ya 1985 ndiyo iliyokuwa shahidi. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi kwa familia, ingawa mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudi Kenya kutoka makumbusho ya Denver. Shida ni kwamba vigango vingi havina picha, na hakuna ajuaye vilitoka boma gani.

Na sisi Wakristo?

Wako wasemao, "Hayo ni mambo ya mizimu, acha yaende." Ndugu, amri inayokataza wizi haiulizi mwenye mali anasali wapi. Ni kumbukumbu ya marehemu wa jirani yako.

Tufanye nini?

1. Piga picha ya kila kitu cha ukoo. Andika jina, mahali na mwaka. Nakala moja iwekwe kwa mtu mwingine unayemwamini.
2. Kikiibwa, piga ripoti polisi mara moja, kisha ujulishe ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu.
3. Wazee waombe kwa pamoja, kupitia Makumbusho, vitu vyao vitangazwe kuwa vya kulindwa.
4. Vijana, mkipewa pesa za kung'oa kitu usiku, kataeni.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria tunayo. Daftari ni kazi yetu.