Tangazo na Mnada: Maneno kwa Wenye Vibanja wa Bukoba na Muleba

Kila apitaye guliani siku ya soko ameona karatasi zilizobandikwa juu ya mti, au ukutani mwa duka, au mlangoni pa ofisi ya kijiji. Ng'ombe wa maziwa auzwa. Miche ya kahawa yapatikana. Shamba lauzwa, lina migomba na nyumba ya bati. Mnada utafanyika siku fulani, saa nne asubuhi. Wengi hutupa jicho na kupita, wakidhani kwamba mambo yale ni ya wenye fedha. Lakini mali mbili zilizo kubwa katika nchi hii, yaani kibanja na kahawa, siku hizi huuzwa mara nyingi kwa tangazo na kwa mnada, na asiyelisoma tangazo aweza kuamka siku moja akakuta mali yake imekwisha kupata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo yafaa mkulima ajue desturi na sheria za mambo haya kama ajuavyo kupogoa mkahawa.

Tuanze na mnada wenyewe. Mnada ni kuuza mbele ya watu, bei ikipanda kwa midomo ya wanunuzi, hata abaki mmoja ambaye hapana wa kumshinda. Nguvu yake yote hutoka katika wingi wa wanunuzi. Mnada wenye mnunuzi mmoja si mnada. Ni duka lenye kelele. Kwa hiyo neno la kwanza la kuuliza si "Bei itaanzia wapi?" bali "Nani wamepata habari?" Wakijua watu watatu tu, nao ni ndugu, basi bei imekwisha kukatwa jana usiku kwenye pombe.

Twaufahamu mnada tangu utoto, kwa kuwa makanisani mwetu, baada ya ibada, sadaka za mavuno hunadiwa uwanjani: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, kikapu cha maharagwe. Pale mtu hununua mayai matatu kwa bei ya trei zima, na watu hupiga makofi. Hiyo ni sadaka, nayo ni njema, ila mtu asiichukue bei ya kanisani akaipeleka sokoni. Katika mnada wa biashara hakuna apandishaye bei kwa kumpendeza Mungu.

Sasa tuseme habari ya kahawa, ambayo ndiyo fedha ya nyumba nyingi kutoka Kiziba mpaka Ihangiro. Babu zetu waliijua kahawa kabla ya kuja kwa wazungu. Waliichemsha na majani ya harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna na kumkaribishia mgeni. Ilipokuwa zao la biashara, mkulima aliichukua kichwani mpaka dukani, na mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenye mzani na mwenye bei. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kiliandikishwa, mkulima akapata mahali pake mwenyewe pa kupeleka mazao. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 wafanyabiashara wakaruhusiwa tena kununua vijijini. Muda mrefu katika miaka hiyo kahawa yetu ilinadiwa Moshi, mbali sana na sisi, na mwenye kuilima hakuusikia mnada wala hakumwona mnunuzi. Alingoja tu kuambiwa.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe kwa njia ya vyama vya ushirika, na mwaka 2024 kahawa ya Kagera ilikuwa ikinadiwa kwa mtambo wa Soko la Bidhaa liitwalo TMX, wanunuzi wakiandika bei zao na bei ya juu ikionekana kwa watu. Hilo ni badiliko kubwa. Mwaka huohuo bei ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani. Mwenye kahawa yake ghalani siku zile alifurahi. Lakini wako majirani waliokuwa na mikahawa mizuri kuliko yake, nao hawakupata kitu, kwa sababu kahawa yao ilikuwa imekwisha kuuzwa tangu ilipokuwa ua. Hiyo ndiyo butura.

Butura kila mtu wa nchi hii aijua, ijapokuwa wengi huiona aibu kuitaja. Mtu ana shida, mtoto atakiwa shule au mgonjwa yuko hospitali, na mavuno yako mbali. Huja mtu mwenye maneno laini, humwamkia kwa heshima, "Waitu, usihangaike," humpa fedha kidogo, naye huahidi gunia la kahawa itakapoiva. Hapana tangazo, hapana mnada, hapana shahidi ila mke aliyesikia kwa nyuma ya mlango. Tufanye hesabu, maana hesabu haina aibu. Tuseme mkulima amepewa shilingi 40,000 mwezi wa Januari kwa gunia moja la maganda la kilo 50, na tuseme mwezi wa Julai bei katika mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo. Gunia lile ni shilingi 150,000. Basi kwa miezi 6 mkulima ameazima 40,000 na kulipa 150,000. Faida ya mwenye kumwazima ni 110,000. Kama angaliazima fedha hizohizo katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya shilingi 2 katika kila 100 kwa mwezi, angalilipa riba ya shilingi 4,800. Namba hizi tumezitwaa kwa mfano tu, lakini mtu yeyote aweza kuweka namba za kijiji chake, na jawabu litamshangaza vilevile.

Serikali imeikataza butura, na viongozi wameikemea mara nyingi. Haifi. Kwa maoni yangu haitakufa kwa kukatazwa tu, kwa kuwa anayekuja kuinunua kahawa ikiwa ua huja siku ya njaa, na chama hakiji siku ile. Basi vyama vyenye akili huwapa wanachama wao mkopo mdogo wa mwezi wa Januari na Februari. Mahali ambapo jambo hili halijafanywa, wanachama na walitake katika mkutano mkuu, wasinung'unike njiani.

Mwenye kupeleka kahawa kwenye chama chake na ashike mambo machache. Apime mbele ya macho yake, apewe stakabadhi yenye kilo na tarehe na jina lake, naye aitunze mahali pasipofikiwa na panya wala watoto. Siku ya mnada ikitangazwa, ajue ni fungu gani lenye kahawa yake, limeuzwa kwa bei gani, na makato ni kiasi gani: ya chama, ya ushuru wa halmashauri, na mengineyo. Bei ya mnada si fedha itakayofika mkononi, na asiyejua makato hulaumu asiyepaswa kulaumiwa, au hunyamaza palipo na haki ya kuuliza. Tena bei ya fungu ni bei ya kahawa yote iliyomo. Jirani mmoja akichuma mbichi na nyekundu pamoja, akaianika juu ya udongo, mvua ikainyeshea hata ikashika ukungu, hujiharibia yeye na kuwaharibia wenzake wote waliochanganywa naye ghalani. Kwa hiyo chuma iliyoiva, anika juu ya mkeka au kichanja, igeuze, ifunike jioni, wala usiipeleke mpaka ukiitikisa kokwa zisikike ndani ya ganda. Mnunuzi hununua alichopima.

Nimekaa sana katika kahawa kwa kuwa ndiyo ipitayo mnadani kila mwaka. Lakini iko minada mingine ambayo mtu huiona mara moja tu katika maisha yake, nayo humwacha hana mahali pa kulala. Ni mnada wa kibanja.

Mtu akiweka kibanja rehani kwa benki au kwa mkopeshaji, kisha akashindwa kulipa, haifai mwenye kudai aje kesho yake na dalali. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na mabadiliko yake, mkopaji lazima apewe kwanza taarifa ya maandishi ya deni lake, na siku 60 za kulitengeneza. Siku hizo 60 ndizo zilizopotezwa na wengi, maana barua hupokewa, hukunjwa, huwekwa chini ya mto. Mwenye kuipokea na aende siku ileile kwa mkopeshaji kuomba kulipa kidogo kidogo, na kwa mtu ajuaye sheria. Tena Sheria ya Madalali, ambayo asili yake ni ya wakati wa Waingereza, yasema kwamba ardhi isinadiwe mpaka tangazo limetolewa kwa siku 14 kwa uchache, katika mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mnada. Tangazo lisiwe la karatasi tu, bali pia kwa njia ambayo asiyejua kusoma aweza kuifahamu. Liwe kwa Kiswahili, na litaje jina la mwenye mali na mahali akaapo. Basi mtu akiona tangazo la kibanja cha jirani, na ahesabu siku. Kama ni pungufu, aseme. Na bei nayo ina ulinzi: kama mkopeshaji ameuza kwa bei iliyo chini ya bei ya wastani ya mali ya namna ile kwa robo au zaidi, sheria humhesabu kuwa hakutimiza wajibu wake mpaka aonyeshe kwamba alitafuta bei iliyo bora, na mwenye mali aweza kupeleka shauri mahakamani.

Mume asidhani kwamba nyumba ya ndoa ni ya kuwekwa rehani kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka mwenzake akubali. Mke naye akiletewa karatasi ya kutia dole gumba, asilitie mpaka imesomwa yote mbele yake na mtu anayemwamini.

Katika kuuza kwa hiari, nchi yetu ina desturi yake. Kibanja cha ukoo hakikuuzwa kwa mgeni kabla ya watu wa ukoo kuambiwa, na wao walikuwa na haki ya kukikomboa kwa kurudisha bei. Desturi hii ina hekima: migomba ile ilipandwa juu ya makaburi ya wazee. Lakini ilikuwa na upande mgumu, kwa kuwa mwanamke aliyerithi aliruhusiwa kutumia tu, asiuze. Hili lilishindaniwa mahakamani katika shauri lililopita mahakama ya wilaya ya Muleba. Mwanamke aliyerithi kwa wosia wa baba yake aliuza shamba kwa mtu asiye wa ukoo, na mtoto wa ndugu yake akadai mauzo hayo yafutwe. Tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Wa ukoo aliyekitaka kibanja aliruhusiwa kukikomboa, ila kwa kulipa bei yote, shilingi 300,000. Kwa hiyo mtu asimwambie dada yake au shangazi yake kwamba hana neno katika kibanja alichorithi. Wala mnunuzi asifiche: tangazo la wazi kwa ukoo, na ridhaa ya halmashauri ya kijiji, humpa usingizi kuliko bei rahisi ya gizani.

Mmeona pia maandishi ya rangi nyekundu ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni hucheka, lakini mwenye nyumba ana sababu, maana matapeli huuza mali ya watu walio safarini. Ukikuta kibanja chauzwa kwa haraka na mwenyewe hayupo, uliza majirani wa mipaka minne kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Juu ya matangazo madogo nitasema neno moja tu. Jihadharini na tangazo la machipukizi ya migomba. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, chipukizi la bei rahisi laweza kumaliza shamba lote la jirani na lako. Muulize muuzaji limetoka shamba gani, uende ukaone shamba lenyewe, na kama muuzaji hataki uende, usinunue. Miche ya kahawa nayo itafuteni kwa wenye kuaminika, kama kituo cha utafiti cha Maruku, kwa kuwa mnyauko wa kahawa ya robusta ungaliko.

Nawe ukitaka kuuza, andika wazi. Tangazo lililo jema ni kama hili: "Yauzwa ndama jike mmoja, umri miezi 10, mama yake atoa lita 8 kwa siku, amechanjwa. Aonekana kwa mwenyewe, kitongoji cha kanisani, kila siku baada ya saa kumi. Bei kwa mapatano." Mnunuzi akisoma hivyo ajua la kuuliza na saa ya kuja. Libandike guliani siku mbili kabla ya soko, uombe lisomwe baada ya ibada, na siku ndama akiisha kuuzwa, liondoe wewe mwenyewe.