Usinunue Nyumba kwa Maneno Matupu

Jirani yetu mmoja hapa Dar es Salaam, mama wa watoto watatu anayeuza vitenge, alidunduliza fedha kwa miaka tisa, nyingine za biashara, nyingine za upatu. Siku moja akapata nyumba ndogo ya kununua. Muuzaji alimwonyesha fotokopi ya hati, akamhimiza, "Mama, fanya haraka, kesho anakuja mtu mwingine na fedha mkononi."

Alipokuja kutuomba ushauri tulimwuliza, "Hati yenyewe iko wapi?" Hakujua. Basi tukafuatana naye kuutafuta ukweli. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Anzia mtaani

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wanajua nani ameishi hapo na kama kuna ugomvi. Wasikilize. Lakini mhuri wa mtaa si uthibitisho wa umiliki wa kiwanja kilichopimwa.

Nenda halmashauri

Chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, uende idara ya ardhi. Omba kuonyeshwa mchoro wa mipango miji. Je, hapo ni makazi, au ni eneo la wazi? Kama ni kando ya barabara kuu, kumbuka kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Uliza pia kama kodi ya ardhi inadaiwa.

Kama eneo halijapimwa, uliza kama lina leseni ya makazi. Hapo ushuhuda wa majirani una uzito zaidi.

Omba upekuzi

Kiwanja chenye hati kimeandikwa katika daftari la Msajili wa Hati. Si lazima uwe ndugu wa mwenye nyumba. Jaza ombi la upekuzi, lipa ada, na udai stakabadhi. Utajibiwa kwa maandishi: mmiliki ni nani, na kama kuna rehani au zuio.

Jirani yetu alipoyasoma majibu yake, miguu ilimlegea. Nyumba ilikuwa imewekwa rehani benki. Akiba yake ya miaka tisa ilinusurika kwa karatasi moja.

Mama wa pili

Tulipokwenda kumwambia muuzaji kwamba biashara imevunjika, mkewe ndiye aliyetufungulia mlango. "Biashara gani?" akauliza. Hakujua habari za rehani wala za kuuza. Tulikaa naye mpaka jioni.

Kumbe naye alikuwa na haki. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye wasiwasi anaweza kuandikisha zuio kwa Msajili, na yeyote atakayefanya upekuzi ataliona. Tulimshauri aende huko upesi, na amwone mwanasheria kuhusu ile rehani.

Basi, mama msomaji, usingoje siku ya kununua. Je, unajua nyumba unayolala usiku huu imeandikwa kwa jina la nani? Ongea na mwenzako kwa upole, mwende pamoja mkasome. Ni afadhali kuuliza leo kuliko kuhamishiwa vyombo nje kesho.